Barua Zilizobadilishwa Majina

Kasoro ya kwanza ilikuwa ndogo, ya kuchekwa. Kompyuta iliyokuwa imechomolewa ukutani ilikuwa inazungusha feni yake.

Fundi Miwani aliisimamia na kikombe cha chai mkononi. Akaufuata waya kwa macho kutoka nyuma ya kasha hadi sakafuni, ambako plagi ilikuwa imelala juu ya zulia bila kugusa chochote. Feni ikavuma kidogo, kisha ikasita, kama mtu aliyefumaniwa anachungulia. Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana, jua kali nje na watoto wa jirani wakipiga kelele uani. Akajiambia kuna umeme uliobaki ndani. Mtu anayependa mashine huwa na sababu ya kila kitu, na hapo ndipo huponzwa.

Kazi yake ilikuwa kusaga lenzi katika duka la miwani lenye viti viwili na ubao wa herufi ukutani. Alikuwa fundi hodari, mkono mtulivu, mdomo mchache. Lakini roho yake ilikuwa nyumbani, katika chumba cha nyuma alichokijaza kompyuta zilizotupwa na wenye nazo: makasha yasiyo na vifuniko, vioo vizito vya zamani, nyaya za kutosha kufungia ng'ombe kumi. Mkewe, mkunga wa zahanati, alikiita chumba hicho makaburini, naye hakuwa akitania sana. Mtoto wao mmoja, binti wa miaka sita, waliyempata baada ya miaka tisa ya kungoja, ndiye peke yake aliyeruhusiwa kuingia na kuchezea skrubu. Walimwita Kitinda, kwa kuwa mkunga alisema huyu ndiye kifungua mimba na ndiye kitinda mimba, hakuna mwingine.

Fundi alikuwa na blogu. Aliijenga mwenyewe, programu hadi rangi za kurasa, na aliiweka ndani ya mashine yake pale pale chumbani. Aliandika namna ya kufufua kompyuta zilizokufa. Wasomaji wake walikuwa kumi na mmoja, na kati ya hao watatu walikuwa yeye mwenyewe akiingia kwa mashine tofauti. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali. Mtu anaweza kuvumilia kutojulikana, ila si kwa kuhesabiwa kila asubuhi.

Basi wiki chache kabla ya Alhamisi ile, mshonaji mmoja, mteja wa siku nyingi, alipokuja kuchukua miwani yake alimletea kompyuta iliyofungwa kwenye shuka. Alimwambia kwa sauti ya chini, mikono bado juu ya fundo.

"Fundi, hii ni ya marehemu dada yangu. Mimi sijui kuiwasha wala kuizima. Nakupa, ila nifanyie hisani moja. Kabla hujaitumia, futa kila kilichomo. Usisome. Alikuwa akimwandikia mwanawe, na mwanawe alimtangulia."

Fundi aliweka mkono kifuani akaahidi. Jioni ile ile akasoma.

Alikuta barua saba. Marehemu alikuwa na binti wa miaka sita aliyekufa kwa kifua, kisha yeye mwenyewe akashikwa na ugonjwa ambao alijua hautamwachia. Akafungua blogu ndani ya kompyuta yake, akaandika barua saba kwa mtoto, akazipangia ratiba zijitoe zenyewe baada ya yeye kufa, moja kila Alhamisi saa nane mchana, saa ambayo mtoto alikuwa akirudi kutoka shule. Mashine ikazimwa kabla ya tarehe kufika, barua zikabaki zinangoja humo. Katika ya kwanza aliandika kwamba ameanza safari ya kumfuata mwanawe. Katika ya pili alikuwa ameliona paa la nyumba. Hivyo hivyo akisogea, hadi ya saba, ambayo ilikuwa na sentensi moja tu: *Simama mwanangu, tushikane mkono, twende.*

Fundi alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Nasema hivyo ili asionekane ni jiwe. Lakini chozi halikukauka shavuni kabla ya kuwaza kwamba maandishi kama haya yangesomwa na dunia nzima.

Programu ya blogu ina visanduku viwili, kimoja cha kutafuta neno, kingine cha kuandika neno la kuliweka mahali pake. Ukibonyeza mara moja, hubadilisha kila lilipo. Alihamishia barua kwenye blogu yake, na ratiba ile ile ya Alhamisi saa nane. Akatafuta jina la marehemu, akaweka lake. Akatafuta *mama*, akaweka *baba*. Akafika kwenye jina la mtoto, na hapo alisita kidogo, kwa sababu barua zilikuwa za mzazi kumwandikia mtoto aliyekufa, na mtoto wake yeye alikuwa hai, sebuleni, anaimba. Lakini jina la kubuni lilimjia bovu kila alipojaribu. Halikuwa na uzito. Akaandika jina la Kitinda, lile la cheti cha kuzaliwa, akabonyeza. Programu ikamwambia imebadilisha mahali arobaini na mbili. Akanywa chai yake.

Kisha akaifuta kompyuta ya marehemu, mara tatu, kwa usafi wa kitaalamu, asiache hata herufi. Ahadi aliitimiza, ila kwa kuchelewa. Nakala ya barua zilivyokuwa mwanzo hakuweka, yeye aliyekuwa akiwahubiria wasomaji wake kumi na mmoja kila mwezi kwamba asiyeweka nakala atakuja kulia.

Barua ya kwanza ilipotoka, Alhamisi ile ya feni, watu waliisoma wakaitumiana. Ya pili ikasomwa na maelfu. Pole zilimiminika: *Pole baba, Mungu amlaze pema binti yako.* *Baba wa mfano.* *Umeniliza kazini.* Walimvika kilemba cha ukoka naye akakishika kisidondoke. Alikuwa akizisoma pole hizo huku Kitinda amekaa chini ya meza akipanga skrubu kwa ukubwa, na hakuona haya. Alishaanza kuamini kwamba huzuni ile ni yake.

Chini ya barua ya kwanza kulikuwa na maoni yasiyo na jina la mwandishi. *Si yako. Rudisha.* Akayafuta. Chini ya ya pili, maneno yale yale. Akayafuta tena, akayaripoti kuwa takataka. Chini ya ya tatu yalikuja mara barua ilipotoka, na safari hii yalikuwa marefu kidogo: *Nakuomba. Rudisha jina la mwanangu.* Akatazama nyuma yake kama mtu aliyeguswa bega. Kisha akajiambia ni mshonaji amejifunza kutumia simu, wivu tu huo, akafuta.

Barua hiyo ya tatu ilisema: *Nimefika getini. Geti lenu linalia.* Geti la Fundi halikuwa likilia. Alasiri ile likaanza.

Baada ya hapo nyumba iliingiwa na harufu ya dawa ya kikohozi ya watoto, ile tamu ya rangi nyekundu inayobaki kwenye kijiko. Mkunga aliisikia kwanza, kwa kuwa pua yake imezoea zahanati. Akauliza nani anaumwa. Hakuna aliyekuwa akiumwa. Akasafisha makabati, akamwaga kila chupa, akasugua sakafu kwa sabuni, na harufu ikakaa pale pale ilipokuwa, kwenye korido, kati ya chumba cha nyuma na chumba cha mtoto, mahali pa upana wa mtu mmoja aliyesimama.

Alhamisi ya nne Fundi alikuja nyumbani kula. Duka hufungwa saa saba hadi saa tisa. Mkewe alikuwa zamu, Kitinda ametoka shule amelala. Akiwa bado anatafuna alisikia kijiko kikigonga glasi. Kling, kling, kling, polepole, mtu anayekoroga kitu kiyeyuke. Sauti ilitoka koridoni. Alidhani mtoto ameamka anajichanganyia sukari, akaenda na kemeo tayari mdomoni, na korido ilikuwa tupu, jua limeingia kwa dirisha la mwisho likalala sakafuni, na kijiko kikaendelea kugonga mbele yake, hatua mbili tu, pasipo kijiko wala glasi wala mkono. Kisha kikanyamaza. Chumbani Kitinda akakohoa.

Akamkuta amekaa kitandani, mdomo umelowa.

"Baba, yule mama mwingine dawa yake ni tamu," mtoto alisema.

Fundi alimuuliza mama yupi. Kitinda akamweleza kwa utulivu wa watoto, kwamba ni yule anayekaa kwenye kompyuta isiyowaka, kwamba anavaa khanga iliyolowa, kwamba humwita kwa jina lake lote refu la cheti na wala hajui kumwita Kitinda. Alisema pia kwamba mama huyo humkasirikia baba. Fundi alimfuta mdomo kwa kiganja. Kiganja kikabaki na rangi nyekundu.

Hapo ndipo alipokwenda kuzifuta barua. Alifuta zote saba, akafungua ukurasa, zikawapo. Alizima mashine, akaing'oa diski yake akaiweka mezani, akafungua blogu kwa simu. Ilikuwa hewani, na barua ya nne imo: *Nipo koridoni. Nakukorogea dawa.* Akaidondosha diski kwenye ndoo ya maji na bado ukurasa ulifunguka. Mkewe aliporudi na kumuuliza mbona kuna diski kwenye ndoo ya maji, alisema anaisafisha.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Wiki iliyofuata, mkunga akiwa anaosha mikono zahanati, mwenzake alimkumbatia kwa nyuma akaanza kulia, akimlaumu kwa upole kwa nini amebeba msiba mzito hivyo peke yake bila kuwaambia. Mkunga akauliza msiba gani. Mwenzake akamwonyesha simu. Alisoma jina la mwanawe, akasoma pole zaidi ya elfu, akavua aproni akaondoka bila kuaga.

Alimkuta mumewe mlangoni mwa chumba cha mtoto, kwa kuwa ilikuwa Alhamisi ya tano na Fundi hakuthubutu kwenda kazini. Kitinda alikuwa na homa tangu asubuhi, anakohoa kikohozi kizito kisichofanana na kifua chake kidogo. Mkunga hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Baba Kitinda, umemwandika mwanangu mfu?"

Akasema alibadilisha majina tu. Kwa mara ya kwanza akajisikia alivyosema, *majina tu*. Akakaa sakafuni akamweleza yote, shuka, ahadi, visanduku viwili, maoni aliyoyafuta. Wakati anaeleza, godoro la mtoto lilibonyea upande wa miguuni, taratibu, likatulia limebonyea, kama mtu mzima ameketi. Wote wawili waliliona. Simu ya mkunga ikalia mkononi mwake: barua ya tano imetoka. *Nimeketi kitandani kwako. Umekonda, mwanangu.*

Walimpeleka zahanati, vipimo havikuonyesha kitu. Wakampeleka kwa shangazi yake, ng'ambo ya pili ya mji, na shangazi akapiga simu kabla ya jioni kuuliza nani kamwaga dawa ndani ya nyumba yake. Wakamrudisha.

Wakamleta mzee mmoja anayejulikana kwa kutoa mashetani, mtu mkavu, mpole, na mwenye haraka kwa sababu alikuwa na wagonjwa wengine. Alifukiza, akasoma, akazunguka vyumba vyote. Alipofika kwenye kompyuta ya marehemu, feni yake ikaanza kuzunguka yenyewe na moshi wote wa chetezo ukavutwa humo, ukaingia kwenye matundu ya kasha hadi wa mwisho, na haukutoka upande wa pili. Mzee alizima makaa kwa maji. Akaanza kufunga vitu vyake.

Mkunga alimwuliza kama amemaliza. Mzee alimtazama Fundi, si yeye.

"Mimi hufukuza wavamizi. Huyu hakuvamia. Huyu ameibiwa, amekuja kudai, na kashika alichokikuta kina jina la mwanawe. Mrudishieni chake. Sina kisomo cha kumfukuza mwenye mali."

Kulirudisha jina. Jambo jepesi, ungesema. Fundi alikaa mbele ya visanduku vyake viwili, katika cha kwanza akaandika jina la Kitinda, akahamia cha pili, na vidole vikabaki hewani. Hakulikumbuka jina la yule mtoto. Alikuwa amelisoma mara arobaini, amelichapa kwa mkono wake, na halikuwapo kichwani, wala herufi yake ya kwanza. La mama wa mtoto huyo pia halikuwapo. Alipojaribu kuyavuta, yalimjia jina lake na la binti yake.

Akakimbilia kwa mshonaji. Alimkuta kwenye cherehani, akamwangukia miguuni akakiri kila kitu. Mshonaji alimsikiliza bila kuondoa mguu kwenye kanyagio. Alisema anamlaani, ila mtoto hana kosa, basi atamtajia jina. Akafungua mdomo, na likamtoka jina la cheti la Kitinda. Akakunja uso. Akajaribu tena, likatoka lile lile. Akasimama, akachukua albamu, akageuza picha ambayo nyuma yake dada yake alikuwa ameandika jina la mtoto na siku ya kuzaliwa, na wino ule ule wa zamani, uliopauka, ulisoma jina la Kitinda. Wakaenda makaburini wakikimbia, watu wazima wawili mchana kweupe, wakafika kwenye kaburi dogo lenye kibao cha saruji, na kibaoni jina la Kitinda lilikuwa limechongwa kama la miaka mingi iliyopita, lina ukungu ndani ya herufi. Kaburi la pembeni, la mama, lilikuwa na jina la Fundi Miwani.

Mshonaji aliweka kiganja juu ya kibao akalia kilio ambacho Fundi hakuwahi kukisikia katika maisha yake.

"Nimemsahau mpwa wangu," alisema. "Fundi, umenisahaulisha mtoto wetu."

Siku za mwizi ni arobaini, husema watu. Tangu barua ya kwanza hadi ya saba zilikuwa arobaini na mbili, mbili za ziada.

Alhamisi ya sita mtoto aliamka uso umeoshwa na nywele zimesukwa mtindo ambao mama yake hakuujua. Alhamisi ya saba hakuamka. Alikuwa anapumua, macho nusu wazi, mkono wa kulia umeinuka kidogo juu ya shuka na vidole vimekunjwa, kama aliyeshikwa mkono. Mkunga alilala pembeni yake amemkumbatia kiunoni kwa nguvu zake zote, akasema anayemtaka na aje amwondoe yeye kwanza. Kisha akamwambia mumewe, bila kumwangalia, aende kwenye makaburi yake, chumba cha nyuma, akafanye anachojua.

Saa nane kasoro dakika kumi Fundi aliketi mbele ya kibodi. Diski ilikuwa bado kwenye ndoo. Kioo kiliwaka chenyewe. Chini ya barua ya saba, ambayo ilikuwa bado haijatoka, akaandika kwenye sehemu ya maoni kwamba amekosa, amesikia, anaomba msamaha.

Jibu lilikuja herufi moja moja, kwa mwendo wa mtu anayechapa kwa kidole kimoja, na kila herufi ilipotokea, kitufe chake kilishuka na kupanda mbele yake.

*Nilikuomba mara tatu. Ulinifuta mara tatu.*

Akaandika: Nitajie jina la mwanao nilirudishe sasa hivi.

*Ulilifuta unakunywa chai. Mimi mwenyewe nimelitafuta huku niliko. Namwita kwa jina la mwanao, na wangu haitiki.*

Fundi alilia kwa sauti. Akaandika amchukue yeye badala ya mtoto.

*Mimi sikuzaa mzee.*

Saa nane kasoro dakika nne. Kutoka chumbani alisikia kitanda kikisogea, na mkewe akisema hapana, hapana, na miguu midogo ikigusa sakafu. Mtoto amesimama. Akapiga meza kwa ngumi akaandika, anataka nini basi, aseme, atatoa.

Harufu ya dawa ikamjia nyuma ya kisogo, na ubaridi wa nguo iliyolowa ukamgusa shingoni, na alijua kwamba akigeuka atamwona, na hakugeuka.

*Ulifuta majina yetu. Futa lako. Langu na la mwanangu yatarudi mahali pake. Nitamwacha wako.*

Akauliza litamtokea jambo gani. *Lililonitokea mimi*, vitufe vikajibu, naye akaelewa kwamba ni kufa, na akashukuru, maana kufa alikuwa tayari.

Katika kisanduku cha kwanza akaandika jina lake kamili, alilopewa na baba yake. Cha pili akakiacha kitupu. Akabonyeza.

Programu humtajia mtu imebadilisha mahali pangapi, nayo ilianza kuhesabu, kumi, arobaini, arobaini na mbili, na pale iliposimama siku ile ya chai haikusimama, ikaenda mia, ikaenda elfu, namba zikikimbia hata macho yasizifuate, na kadiri zilivyokimbia alihisi vitu vikimtoka kimoja kimoja, daftari la duka lenye sahihi yake kila asubuhi, cheti cha ndoa ndani ya sanduku la nguo, sauti ya mama yake akimwita kutoka uani alipokuwa mdogo, kadi ya zahanati, midomo ya jirani, ubao wa darasa la kwanza, usiku ambao mkewe alilitaja jina lile gizani akicheka, yote yakipita na kwenda, hadi namba ikasimama na chumba kikawa kimya na geti nje likaacha kulia.

Hakufa. Alijigusa uso, akaukuta.

Kutoka chumbani alisikia Kitinda akiuliza kama kuna chai. Sauti ilikuwa safi, haina kikohozi. Fundi aliinuka akajikwaa kwenye nyaya, akakimbia koridoni ambako sasa palinuka sabuni tu, akasukuma mlango. Mtoto alikuwa kitandani anajikuna kichwa. Mkunga aliinua uso uliojaa machozi ya furaha, akamwona, na furaha ikamtoka usoni. Akamvuta mtoto nyuma yake.

"Wewe nani? Umeingiaje humu?"

"Mama Kitinda, ni mimi."

"Umelijuaje jina la mwanangu?"

Alisogea hatua moja, mikono mbele, akimwambia mambo ambayo mume pekee huyajua, miaka tisa ya kungoja, kovu la paja, na kila alilolitaja lilizidi kumtisha, kwa sababu mtu usiyemjua anayejua hayo ni mtu wa kuogopwa. Akapiga yowe. Majirani waliingia, watu aliokula nao, aliowatengenezea redio. Walimshika mashati wakamtoa nje, mmoja akimsihi kwa upole asirudi, kwa kuwa mama huyu anaishi peke yake na binti yake, asije akamletea balaa.

Dukani kiti chake kilikuwa na kijana mwingine, ambaye walisema ameanza kazi miaka mingi iliyopita. Katika cheti cha mtoto, ambacho alikwenda kukiuliza kwa karani, nafasi ya baba ilikuwa na mstari. Mshonaji alimpokea kwa adabu kama mteja. Alikuwa anaimba jina la mpwa wake huku akishona, jina zuri, fupi, na Fundi alipolisikia alishangaa aliwezaje kudhani halina uzito. Barua saba zipo bado, watu wanazisoma, zina wenyewe.

Siku moja mchana alikuwa amesimama kwenye njia ya kutoka shule. Hakukusudia jambo. Walikuja wawili, mama na binti, wameshikana mikono, mtoto ana afya, anarukaruka juu ya vivuli vya nguzo. Mkunga alimwangalia kwa mashaka, hakumkumbuka hata kama yule mtu wa siku ile. Lakini alikuwa amemlea mwanawe vizuri, amemfundisha kwamba mtu mzima hapitwi hivi hivi. Kitinda alisimama mbele yake, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee."

Mkono wake ulikwenda kichwani kwa mtoto, akaurudisha.

"Marahaba, mwanangu."

Kila mzee humjibu mtoto hivyo, na mama yake hakuona ajabu yoyote. Akamvuta mkono, wakaendelea na safari yao.